Jina Nililopa Karani wa Filme

Dilala, Kolwezi, tarehe 17 mwezi wa ine 1994

Kwako Mama Mbombo, huko Mwene-Ditu,

Jambo sana, Mama. Batoto banaamuka muzuri? Na mugongo wako, unakuacha ulale? Siye huku tuko, tunasukuma siku. Godelieve, bibi yangu, anakusalimia sana. Anasema tangu mulienda, sombe yake, yale majani ya muhogo, haijapata mutu wa kuisifu.

Barua yako ilifika mu mukono wa fundi wa treni. Niliisoma mara tatu. Unaniuliza neno moja tu: nani alisema jina la bwana yako, Tata Barnabé, mupaka bale bajeunesse, vijana ba chama, bakaanzia kwenu mbele ya nyumba zingine zote? Unasema mi ni mutoto wako hata kama hukunizaa, nilibeba mizigo yenu mupaka ku gare ya treni, basi nimutafute ule mutu. Unataka kumutaja mu misa ya mwaka wa kifo cha Tata na kumusamehe, juu moyo wako haujui umusamehe nani.

Mama, huku kampani ya migodi imelala kabisa. Mashimo yanajaa maji, mishahara ni hadithi. Bakubwa balituambia nyinyi batu ba Kasai mukishaenda, siye tutashiba. Ee, tumeshiba! Mu nyumba yenu anakaa mukubwa mumoja wa chama, alikata muti wenu wa avoka ili apate nafasi kidogo ya kuegesha gari isiyo na magurudumu.

Unajua kazi yangu ya siku ya Mungu, kueleza filme mu sali ya paroise, pale ku kanisa. Filme inasema Kifaransa, mi nasimama pembeni na mikro, nasema Kiswahili. Na juu batu bacheke, batu ba mu filme nabapa majina ya batu ba hapa kwetu. Jenerali anakuwa Hassani wa makamyo, polisi mulevi anakuwa mukwe wangu. Tata Barnabé alipenda hiyo kupita bote. Siku nilipopa kapiteni wa farasi jina lake, alitembea juma nzima kifua mbele, unakumbuka.

Mu Kwaresima ya mwaka jana tulionyesha filme ya vita ya zamani ya Bazungu. Wewe ulibaki nyumbani na mutoto wako Joyeuse, alikuwa na malaria. Padri alikuwa ameenda safari Mutshatsha. Ile filme ni ya muji uliozungukwa na adui, mikate inaisha. Meya, mutoto wa pale pale, anaficha unga chini ya nyumba yake. Batu bakianza kunungunika, anabaonyesha karani mumoja aliyetoka jimbo ingine, anasema ni huyu anatuuzisha kwa adui. Banamupiga risasi. Kisha unga unaonekana kwa meya. Filme inasema wazi ginsi bakubwa banafanyaka: bakimaliza kula, banatafuta mugeni wa kubebesha makosa.

Lakini mbele filme ianze, bajeunesse babili balinifuata kwa adabu sana. Balisema batu banachoka, nieleze muzuri, kila mutu asikie. Kisha bakaniuliza mama yangu alizaliwa wapi. Wewe unajua alizaliwa wapi, Mama. Ni huko Kasai uliko. Nilielewa: nikieleza sawa vile filme inasema, bataanzia kwangu.

Basi nikaeleza. Nilisema karani alikuwa anauzisha muji kweli. Unga ulipoonekana kwa meya, nilisema karani ndiye aliuficha pale. Na ule karani nilimupa jina la Tata Barnabé.

Batu balicheka. Yeye pia alicheka, pale ku benchi ya pili, kofia ku magoti. Halafu akaacha. Mu ile sali tulikuwa babili tu tuliosikia Kifaransa muzuri, mi na yeye. Hakusimama. Aliangalia mupaka karani akaanguka, na batu nyuma yake banapiga mikono. Kesho yake asubuhi bajeunesse balikuja kwenu na fimbo, banapiga kelele jina lake, banasema bilulu batoke, sawa vile mutu ni mududu.

Ku gare mulikaa majuma sita chini ya hema ya plastiki, munangoja treni. Kila siku nilileta bukari ya unga wa muhindi, nawe ukasema hakuna mutoto kama Polycarpe. Mama, kila tonge lilikuwa lanichoma. Kuhara kulipomaliza nguvu za Tata Barnabé, alinivuta karibu, wewe ukafikiri ananibariki. Aliniambia anajua Kifaransa changu hakijaharibika vile. Kisha akaniomba nisikuambie kitu mupaka treni ifike, juu ukijua, utakataa bukari yangu, na batoto balikuwa habana ingine.

Treni ilifika siku ine kisha kumuzika. Tangu ile siku ningeweza kusema. Karibu mwaka muzima nimenyamaza, na kunyamaza huku hakuniomba yeye. Niliogopa tu, nikapenda kuitwa mutoto wako.

Basi jina ni langu. Mu misa unitaje, ama usinitaje, sikuombi kitu.

Mwisho wa barua ni kusema, unisalimie batoto. Mi sisubutu. Ubasomee hii kwanza, neno kwa neno, usigeuze kitu. Kisha bajue bao kama banataka salamu yangu.

Ni mi,
Polycarpe Nkulu