Namba Mbele ya Kiti Kitupu

Mjukuu wangu Furaha,

Salamu nyingi kutoka Kisangani. Bibi yako hajambo, na dada yako amejifungua mtoto wa kike. Umeniuliza nani atausaidia utafiti wako wa kompyuta ikiwa serikali imekunyima fedha. Ngoja nikusimulie.

Wakati wa vita, serikali ilikuwa ng'ambo ya mapigano, na chumba chetu cha utafiti hakikuletewa kitu. Kompyuta yetu ilikuwa inapiga hesabu za mto, tujue maji yatafika wapi mvua zikizidi. Mabomu yalipoanza, tuliiacha inafanya kazi, tukakimbilia Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa pirogi, mtumbwi wa wavuvi.

Tuliporudi, mji ulikuwa kimya, hata mbwa hawakubweka. Lakini jenereta yetu, ambayo mafuta yake yalipaswa kuwa yameisha zamani, ilikuwa inanguruma. Ndani, namba zilikuwa zinashuka kwenye kioo cha kompyuta, mbele ya kiti kitupu.

"Iko nani?" niliita.

Nyuma ya mlango akatoka jirani yetu Mama Anifa, muuza samaki, na bidoni ya esansi, dumu la petroli, mkononi. "Papa, ni sisi majirani. Tulizani iko askari."

"Esansi imetoka wapi?"

"Kwa wavuvi, ya mota zao. Ulisema mashine inatafuta kama maji itaingia kwetu. Alors, tungeacha izimike?"

Nilisoma majibu, nikamwambia ukweli: maji yatapita mlangoni kwake.

Aliweka bidoni chini. "Bon. Tutahama."

Kwa hiyo wewe, Furaha mama, waeleze majirani zako unatafuta nini.

Mvua zilipokuja, mto uliingia nyumba zile za kina Mama Anifa, ukazunguka chumba kwa chumba, usikute mtu.

Babu yako, anayekuwaza