Nilidhani "Do Mobile" Ni ya Simu

Mpendwa mshauri wetu Tantine Drocella, pole na kazi, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana Alhamisi ndiyo siku ambayo kosa langu litapanda gari liende mpaka Nyakarenzo, na likishafika huko sitaweza tena kulirudisha.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule moja hapa Kamembe, nina miaka thelathini na mbili, nilizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, nikakulia huko mpaka tuliporudi huku na wazazi, na sina jina baya, uulize yeyote. Mwaka huu shule ilipata programu ya kufundisha muziki, ile ambayo mtoto anaimba kwenye maikrofoni na kompyuta inamwambia kama ameimba sawa au amekosea, kisha inampa pointi juu ya ishirini. Nikapewa kazi ya kuiingiza katika mashine zote ishirini na nne, na mimi kwa kujipenda nikasema sitapita mashine moja moja kama fundi wa saa, nitaiweka kwenye seva, ile mashine kubwa inayolisha zingine zote kwa waya, nichague mipangilio mara moja tu, niifunge kwa neno la siri ili batoto basiichezee, na zote zitafuata. Na kweli zilifuata, Tantine, ndiyo shida yenyewe.

Maana wakati wa kuingiza, programu iliniuliza maswali mengi kwa Kifaransa, unataka lugha gani, unataka sauti kiasi gani, na moja likasema: Do fixe au Do mobile? Sasa mimi ni mtu wa kompyuta, nikisikia fixe nawaza ile simu ya mezani ya ofisi ya mkuu wa shule, yenye waya, isiyotoka pahali pake, na nikisikia mobile nawaza simu ya mfukoni, basi nikatazama mashine zangu, zote ziko juu ya meza, zote zina waya, nikasema hizi si za mfukoni, nikabonyeza fixe nikaendelea na chai yangu.

Sasa nikuambie juu ya Maman Védastine. Huyu ndiye anayefundisha kwaya shuleni kwetu, na ndiye aliyenifundisha mimi mwenyewe kuimba parokiani Bukavu nilipokuwa na miaka tisa, nilikuwa na kigugumizi kibaya, sikuweza kutaja jina langu mbele ya watu, na yeye akaniambia, "Kama sauti haitoke kwa kusema, tutaitosha kwa kuimba," akanisimamisha mstari wa mbele, na kidogo kidogo ulimi ukafunguka mpaka leo nasimama mbele ya darasa. Ndiyo maana namwita Maman, sikulazimishwa na mtu.

Siku ya kuonyesha programu, mkuu wetu wa shule, Madame Mukandayisenga, alikuja na wazazi kama kumi hivi, akamwomba Maman Védastine aimbe wa kwanza. Maman akatoa karatasi yake ya nota, akagonga diapazoni kwenye goti, kile kichuma cha kutafutia sauti, akakisogeza sikioni, halafu akaimba do, mi, sol, sauti safi kabisa. Kompyuta ikaandika Faux, yaani umekosea, kwa rangi nyekundu. Akaimba tena, nyekundu. Mwisho ikampa pointi mbili juu ya ishirini, batoto bakacheka, na mimi badala ya kunyamaza nikainama kwenye karatasi yake, nikaona juu ameandika "Do = Sol", nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Maman, shida yako ni hii hapa, do haiwezi kuwa sol, kama vile moja haiwezi kuwa tano, na mashine haidanganyi."

Akaniangalia. Akasema, "Mutoto yangu, weye njo unaniambia vile?" Nami nikacheka, Tantine, kidogo tu lakini nilicheka. Akakunja karatasi, akaiweka ndani ya kikapu, akaambia batoto, "Mubakie na mwalimu mupya," akatoka. Leo ni wiki tatu hajakanyaga shuleni.

Jumamosi iliyopita asubuhi nilirudi kwenye mipangilio ili nipunguze sauti, mshale ukapita juu ya yale maneno Do mobile, na pakatokea maelezo madogo ambayo sikuwahi kuyasoma: kwamba do mobile ni do inayohama pamoja na wimbo, ukiupandisha wimbo inapanda nao, ukiushusha inashuka, ndivyo wanavyoimba watu wa kwaya, na do fixe ni kibonyezo kimoja tu cha piano siku zote. Kumbe Do = Sol maana yake ni kwamba leo do yetu tunaiweka pale piano inapoita sol. Maandishi hayo nimeyaona miaka sita kwenye karatasi za kwaya, nilidhani ni jina la mtunzi limefupishwa, mimi nilikuwa nafuata tu sauti ya Cirhuza aliyesimama kando yangu.

Sasa nimebanwa huku na huku. Madame mkuu amenisifu kwenye mkutano wa wazazi, amesema "mtaalamu wetu", na amemwalika mwalimu Tumukunde wa Nyakarenzo aje Alhamisi na flashi anakili mipangilio yangu, aiweke kwenye mashine za shule yao. Nikibadilisha kimya kimya, programu itasahihisha upya mazoezi yote yaliyomo kwenye seva, mtoto aliyekuwa na nne atajikuta na kumi na saba, batoto batauliza. Ndiyo nikafikiri niseme mise à jour, yaani toleo jipya, imeingia usiku, kwamba wenye programu wamerekebisha kitu huko kwao, halafu nimtumie Maman ujumbe kwamba mashine sasa imekubali sauti yake. Hiyo naona si uongo kabisa kabisa, kwa sababu kweli kuna kitu kitakuwa kimebadilika. Kwaya kwa sasa haina mwalimu, msichana mmoja anaitwa Isimbi ambaye ndiye alikuwa anaanzisha nyimbo, tangu mashine imwandikie nyekundu anachezesha midomo tu, lakini hayo yatarudi. Nishauri, niseme ni mise à jour? Au nimpelekee Maman kitenge kizuri nyumbani nisiseme kitu? Au nitafute shule nyingine?

Ni mimi,
Mwalimu wa Mashine, Kamembe

*

Mwalimu wa Mashine,

Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka mpaka mume wangu akatoka nje kuuliza nani amekufa. Niliposoma mara ya pili sikucheka sana. Basi tuanze na kicheko, maana umekitolea jasho.

Kwa hiyo do mobile ni ya simu. Haya. Nashukuru programu haikukuuliza kama unataka soprano au alto, ungejibu kwamba shule haina pahali pa kuegesha magari. Na yule fundi wa saa uliyemdharau, anayepita moja moja, angekosea ya kwanza, na kwenye ya pili angeuliza mtu. Wewe umekosea ishirini na nne kwa mpigo mmoja, ukafunga na neno la siri juu ili kosa lisitoroke. Kazi safi sana. Na miaka sita kwenye kwaya ukimfuata Cirhuza! Popote alipo huyo Cirhuza nampa pole, alikuwa anaimba kwa ajili ya watu wawili na hakuna aliyemshukuru.

Mimi naimba alto, kijana wangu. Kwetu do inahama hata kwa sababu ya mafua. Masoprano wakija na makohozi, mwalimu anaishusha, tunaimba, misa inaisha, watu wanakwenda kula. Hakuna aliyewahi kusimama akasema moja haiwezi kuwa tano.

Lakini kutojua si kosa, na hapo nakuonea huruma kweli. Neno moja la Kifaransa lina nyumba mbili, wewe ukaingia ile unayoijua. Muntu yeyote wa kompyuta angeweza kuingia humo humo. Kosa lako lilianza pale ulipocheka. Huyo mama alikusimamisha mbele ulipokuwa huwezi kutaja hata jina lako, na hakuna aliyekucheka kwa sababu yeye alikuwa amesimama nyuma yako. Zamu yake ilipofika ya kuaibika mbele ya watu, uliyekuwa karibu naye ni wewe, na ukasoma karatasi yake kwa sauti. Hilo nimelisema mara moja, sitalirudia, lakini likuume.

Sasa mise à jour. Unaniuliza kama ni uongo. Ungekuwa hujui usingeuliza. Programu hiyo haina kosa hata moja, walioitengeneza waliandika maelezo, wewe ndiye uliyekuwa na haraka ya chai, na leo unataka kuwasingizia watu wa mbali ambao hawawezi kuja Kamembe kujitetea. Na ule ujumbe wa kumwambia Maman Védastine kwamba mashine sasa imekubali sauti yake, nakuomba uufute hata kwenye kichwa chako. Yaani mama aliyefundisha parokia nzima angoje ruhusa ya kompyuta ambayo wewe mwenyewe uliielekeza vibaya? Ungemtukana mara ya pili, na safari hii kwa maandishi.

Kuna jambo lingine umelipitisha haraka ukidhani sitaliona. Umeniandikia kurasa mbili juu ya aibu yako, na Isimbi umempa nusu mstari. Mtoto huyo alifundishwa sawa, akaimba sawa, akaandikiwa nyekundu, na mtu mzima aliyekuwa chumbani akasema mashine haidanganyi. Ungekuwa wewe, ungefungua mdomo tena? Unasema hayo yatarudi. Nani kakuambia? Sauti ya mtoto ikishaingia ndani kwa hofu inaweza kukaa huko miaka, na wewe katika watu wote unajua hivyo kuliko mimi.

Haya, sikiliza la kufanya, na ulifanye kwa mpangilio huu huu.

Leo, kabla hujala, mpigie Tumukunde. Mwambie asinakili kitu Alhamisi mpaka umwonyeshe pale ulipokosea. Aje na flashi yake, nakala yake muirekebishe humo humo kwenye flashi, aondoke na kitu kizuri, na aondoke pia na hadithi ya fixe na mobile, awasimulie wenzake, wacheke. Watakucheka kweli, lakini shule yao haitakuwa na mtoto anayechezesha midomo.

Ukimaliza hapo, ingia kwa Madame mkuu. Usianze na historia ya seva na waya, hana haja nayo. Mwambie umechagua vibaya, pointi zote za wiki tatu si za kweli, utazirekebisha mbele ya darasa. Atakasirika asubuhi moja. Mkuu wa shule anayesikia kosa kutoka mdomoni mwako anakasirika, akilisikia kutoka Nyakarenzo anaweka kinyongo.

Halafu nenda kwa Maman Védastine. Kitenge kiache dukani. Ukifika na kitenge majirani watauliza cha nini, nawe kwa tabia yako utasema ni heshima tu, na jambo litakuwa limeishia hapo kwenye kiti cha wageni. Nenda mikono mitupu. Sema, "Maman, nilikosea mimi, naomba uje niliseme mbele ya batoto." Basi. Usimweleze kwamba programu iliuliza kwa Kifaransa, usimweleze kwamba mtu yeyote angeweza kukosea, hata kama mimi nimekuambia hivyo. Akikataa, rudi kesho yake. Akinyamaza, nyamaza naye, lakini usiondoke kabla hajakuondoa.

Na hadi siku atakayokuja, mipangilio usiiguse. Najua mkono unakuwasha. Zuia batoto basiimbe kwenye mashine hizo, lakini nyekundu ibaki pale pale ilipo. Siku akija, mpe kiti chako, fungua lile neno la siri mbele yake, na umwachie yeye abonyeze hiyo mobile kwa kidole chake. Pointi zitapanda batoto bakiangalia. Bakiuliza imekuwaje, usiseme neno hata moja la kompyuta. Mwite Isimbi kwa jina lake, umwambie wote basikie, "Uliimba sawa. Mimi njo nilikosea." Halafu mgeukie Maman umwambie hivyo hivyo.

Shule nyingine usitafute. Huko nako kuna programu, na maswali yake ni mengi zaidi. Baki hapo umwombe akurudishe kwenye kwaya, nyuma kabisa, bila Cirhuza. Yeye si mtu wa kuacha nafasi hiyo ipite, atakuita mbele siku hiyo hiyo akuimbishe, na batoto batacheka kama ulivyocheka wewe. Simama hapo hapo. Akikupa do, ichukue pale alipoiweka.

Tantine Drocella