Wimbo Nilioukata Mkia

Jumapili, Voi. Jua limewaka tangu asubuhi, vumbi jekundu limeingia hadi kwenye sufuria, na huko kwetu upande wa Wusi naona mawingu yamelala mlimani bila haja na sisi. Nimerudi nyumbani nina hasira, na bado sijajua ni hasira ya nani.

Nianze na Njuguna.

Njuguna ana agrovet ng'ambo ya barabara, mkabala na cherehani yangu. Anauza mbegu, dawa za ng'ombe na chakula cha kuku. Ni mtu wa bara, amekaa Voi miaka mingi, na siku zote amekuwa jirani wa "habari ya asubuhi" tu. Alipofiwa na mkewe, Mama Brian, nilienda kumpa pole kama watu wote. Halafu mwaka jana akavuka barabara akaniuliza kama kikundi chetu kinapokea watu.

Kikundi chetu si kitu kikubwa. Tuko saba, tunakutana Jumamosi mchana nyuma ya kanisa, tunaimba nyimbo za zamani za Kidawida, lugha yetu ya Kitaita, kwa ngoma moja na kayamba mbili. Hatulipwi. Tukialikwa harusini tunakula wali, tunakunywa soda, tunarudi makwetu.

Mimi nina imani yangu: mtu mzima hajifunzi wimbo mpya bure. Mama Mkawasi huja ili apumzike kidogo mbali na wajukuu. Mwalimu Mwakio anapenda makofi, akishika wimbo leo kesho anatafuta harusi ya kuuimbia. Kuna wengine wanafuata umbea, na huo nao hatuwanyimi. Kila mmoja ana lake na nalijua.

La Njuguna sikulijua.

Tukialikwa harusini, ana udhuru. Nyimbo za kuchangamsha watu hazitaki. Anataka za kina mama wa Wusi, zile za kupukusa mahindi na kubembeleza watoto, na akipewa moja anaitafuna wiki nzima mpaka aishike neno kwa neno, na Kidawida chenyewe hakijui. Tena kila siku saa kumi anafunga duka. Niambie, mfanyabiashara gani anafunga saa kumi, wakati wakulima ndio kwanza wanatoka mashambani? Nikiwa kwenye cherehani nilimwona akishusha mlango, akitazama huku na huku, akienda zake haraka. Nilishona kola moja kinyume kwa sababu ya kumchungulia.

Kisha ikapita picha kwenye simu. Njuguna amesimama kwenye hafla fulani, kando yake ni bwana mmoja anayetaka kiti cha wadi, wote wawili meno nje.

Nikasema, ahaa. Kura.

Hapa kwetu msimu wa siasa ukikaribia kila mtu anakuwa mwana wa nyumbani. Watu ambao hawajawahi kulima hata kunde wanajifunza ghafla kutikisa mabega. Nikaona nyimbo zetu zikitoka kwenye vipaza sauti juu ya pikapu, jina la mheshimiwa limebandikwa mahali pa jina la bibi ya mtu. Nikawaambia wenzangu, mmoja mmoja, kwamba tumefuga mpelelezi. Jana, baada ya mazoezi, tukakubaliana Jumamosi ijayo tumwambie asirudi.

Kabla ya hapo alikuwa ameniuliza jambo lililonitoa jasho.

"Mwalimu," aliniambia, huwa ananiita hivyo, "kuna wimbo ya kuni. Inaanza hivi." Akavuma sauti ya mwanzo.

Ule ni wimbo wa mama yangu. Kikundini sijawahi kuufundisha. Mama alisema wasichana wa ujana wake waliuimba wakishuka na mizigo ya kuni, na nilipomzika nilijua kabisa kwamba nimebaki nao peke yangu hapa Voi. Huyu ameupata wapi?

Nikatabasamu, nikamfundisha. Ila nikaukata mkia.

Wimbo wenyewe ni wa safari. Wasichana wanaitana kutoka kijito hadi kijito, mwendo unaongezeka, halafu mwishoni kayamba inanyamaza. Kiongozi anaimba peke yake kwamba ameona moshi wa kwa mama, wengine wanapiga makofi mawili na kuitikia kwamba wamefika. Hapo ndipo wimbo unafungwa. Mimi nilimwachia pale kwenye kijito cha mwisho, nikamwambia ndiyo basi. Nilitaka siku nikiusikia mkutanoni hauna mwisho, nimjue mwizi bila kuuliza mtu. Nilijiona mjanja sana.

Jana mazoezini akanijia tena.

"Mwalimu, hii wimbo inaishia hapo kweli? Kwangu kuna mtu anasema bado."

"Inaishia hapo," nikamjibu.

Usingizi wa jana ulikuwa wa kuokoteza. Kwake kuna mtu? Mtu gani anakagua nyimbo zangu? Nikamwona yule bwana wa picha ameketi sebuleni kwa Njuguna na kalamu, anasahihisha. Kwa hiyo leo alasiri nilichukua suruali yake aliyoniletea nipunguze urefu, nikaitia kwenye mfuko, nikaenda. Angeweza kuichukua kesho dukani, na mimi nilijua hivyo.

Nilimsikia kabla ya kufika mlangoni. Alikuwa amekaa varandani kwenye kiti cha plastiki, kayamba mkononi, ameligeuzia mgongo dirisha lililo wazi. Alikuwa anaimba ule wimbo wa kuni polepole, maneno ya mama yangu yakipita kwenye ulimi wa Kikuyu. Ndani ya chumba mtu alikuwa anagonga ukuta kwa kiganja.

Aliponiona alisimama kama mtoto aliyeshikwa kwenye sukari.

"Ni mama ya marehemu bibi yangu, Mama Brian," akasema kwa sauti ya chini. "Nilimtoa huko Wusi, hakukuwa na mtu wa kukaa na yeye. Amesahau vitu mingi. Mimi hata hanijui. Saa kumi na moja ikifika anaanza kulia, lakini ukimwimbia za kwao anatulia."

Nikamuuliza mbona yuko nje.

"Si ni mkwe wangu? Sasa nitaingia aje kwa chumba yake nimwimbie? Kuna mama wa kumwangalia, ako naye huko ndani. Mimi naimba nikiwa hapa. Na kwa kikundi ningesema nini, kwamba najifunza nyimbo ya kubembeleza mkwe? Wangenicheka mpaka nihame."

Miaka yote hii ya kumtazama ng'ambo ya barabara, na sikuwahi kumuuliza Mama Brian kwao ni wapi.

"Hii ya kuni aliianza mwenyewe, ndio nikakuuliza," akaendelea. "Nikafikiri ndio itamfurahisha zaidi. Lakini tangu nianze kuimba, kila ikiisha anavaa viatu. Anasema anaenda nyumbani, hajafika. Juzi tulimshika akiwa barabarani. Mwalimu, niiwache?"

Hapo mlango ulifunguka. Akatoka bibi mwembamba, kitambaa kichwani, mkoba kwapani, viatu amevaa cha kulia mguu wa kushoto. Yule mama wa kumtunza alikuwa nyuma yake akimsihi. Bibi hakutusikiliza. Alikuwa anatazama lango.

Nilijua la kufanya. Niliogopa kwamba nikiimba, Njuguna atajua. Nakiri hapa daftarini, kwa sababu humu hakuna anayenitazama: nilisita. Bibi wa watu anashuka ngazi aende barabarani, na mimi nahesabu heshima yangu.

Kisha nikaimba. Moshi wa kwa mama. Sauti ilitoka mbovu, ikakwaruza.

Bibi akasimama kwenye ngazi ya chini. Akaweka mkoba chini. Makofi mawili, sawasawa, na akaitikia kwa sauti nene ambayo sikuitarajia kwenye kifua kile. Wamefika. Njuguna kayamba ilimning'inia mkononi. Bibi akaketi palepale kwenye ngazi, akavua viatu, akanyoosha miguu kama mtu aliyetua mzigo.

Akanitazama, akaniambia kwa Kidawida, "Mbona umechelewa hivyo?"

Njuguna akaniuliza amesema nini. Nikamwambia ananisalimia.

"Kumbe ilikuwa na mwisho," akasema. Macho yake yalikuwa yamelowa na hakuyaficha. "Ulikuwa umesahau?"

Nikasema ndiyo, nilisahau.

Akaniamini. Palepale, bila hata kunitazama mara mbili. Akanishukuru, akanitilia mayai ya kuku wake kwenye mfuko, akaniomba Jumamosi nimfundishe tena ule mwisho vizuri ili asiukosee. Hajui kwamba Jumamosi tulipanga kumfukuza.

Nimejaribu jioni hii kumtafutia kosa. Nimeirudia hata ile picha, nikaikuza, na kweli wako karibu, lakini kwenye hafla watu hukaa karibu. Bado nitamuuliza, sijageuka malaika. Lakini nikijiuliza mimi mwenyewe kwa nini nilijifunza nyimbo zote hizi, jibu linalokuja si zuri. Nilipenda niwe wa mwisho kuzijua. Niliita hiyo kumkumbuka mama.

Mama Mkawasi na wengine nitawapigia simu. Hilo ni rahisi, nitasema nilikosea na watanisimanga wiki moja.

Lile lingine ndilo gumu. Kesho asubuhi, kabla sijafungua, nitavuka barabara nimwambie sikusahau.