Wiki ya Kibiti kwenye Televisheni ya Kambi

Jumatatu, 5 Mei

Kipindi cha leo kimekwenda. Nusu saa ya picha, asubuhi nzima kuipandisha. Mtandao wa hapa Kibiti mvua ikinyesha ni kuteka maji kwa pakacha. Koplo Neema wa kule kambini kajibu neno moja: kimefika.

Naandika nisije kusahau kwa nini nilikubali kazi hii. Vijana wetu walio ng'ambo kwenye ulinzi wa amani wana ukumbi wenye televisheni. Kila wiki sehemu moja ya nchi inawatengenezea vipindi vya nyumbani. Wiki hii zamu yetu, Kibiti na Rufiji. Siku saba, kila siku saa moja jioni wakishakula. Soko, mpira, mawaidha, na mwishoni salamu za jamaa zao. Nilizunguka na kamera Mkongo, Umwe na Chumbi, nikarekodi familia kumi na tisa. Nilidhani itakuwa kama harusi.

Si kama harusi. Kila familia dakika mbili, na hakuna mtu anayejua dakika mbili ni nini. Wake wanalia. Akina baba wanahutubia. Nakata, nakata. Nikifumba macho naona midomo inafunguka bila sauti.

Mgongo unauma.

Kipande ninachokipenda ni cha kurushwa Alhamisi. Bi. Somoe wa Chumbi, mama yake Hamza. Mjane, mtoto wake ni huyo mmoja tu. Hakulia. Aliongea dakika sita mfululizo kana kwamba Hamza yuko barazani anavua viatu. Nguruwe wamemaliza muhogo. Baba yako mdogo Athumani kaazima jembe langu tangu mwaka jana hajarudisha, na salamu ananipa kila siku bila haya. Usiniletee kanga, kanga ninazo, niletee miwani. Na huyo binti unayemficha, kwao nimeshafika. Nilicheka nyuma ya kamera mpaka picha ikatikisika. Sijui nitamkata wapi.

Jumanne, 6 Mei

Bi. Somoe amefariki.

Mzee Athumani kanipigia saa mbili asubuhi. Ni alfajiri, presha, gari la kumpeleka hospitali halijapatikana. Wanazika baada ya adhuhuri. Nilidhani ananiita nikazike. Kumbe ana shauri.

"Hamza asiambiwe," kasema. "Zimebaki wiki sita arudi. Yule ana bunduki mkononi, mwanangu, na yuko mbali na ndugu. Akija ataambiwa tukiwa tumemshika."

Nikasema nimesikia, baba.

"Na ile picha ya mama yake iende siku yake vilevile. Akimwona anaongea hatashuku kitu."

Hapo sikujibu. Akadhani nimekubali, akanishukuru. Simu ya marehemu anayo yeye, kaizima. Chumbi nzima imeshaambiwa ifunge mdomo.

Nimetuma kipindi cha leo, fainali ya vijana Mkongo. Goli moja, kalifunga beki kwenye lango lake mwenyewe. Nimehariri bila kuona.

Sikwenda kuzika. Mvua, na faili lilikuwa bado linapanda. Hizo ndizo sababu nilizojipa.

Jumatano, 7 Mei

Umeme hakuna. Nimeomba waya kutoka kwenye jenereta la kinyozi. Mashine zake zinanguruma, kompyuta yangu inanguruma, kichwa kinanguruma. Kipindi kimefika kwa kuchelewa.

Nimemfungua Bi. Somoe mara mbili, nikamfunga.

Najifanya sijui kinachonisumbua. Najua. Ni Tatu.

Baba yetu alipofariki, mdogo wangu Tatu alikuwa Morogoro, yuko katikati ya mtihani wa kidato cha sita. Mimi ndiye niliyesema asiambiwe. Nilikuwa mkubwa, nikaamua, watu wakanifuata. Simu zake nikawa napokea mimi. Baba hajambo. Baba kalala. Baba kaenda shamba. Siku kumi na moja. Alirudi na shati jipya la baba kwenye mfuko.

Alifaulu. Mwaka wa kumi na nne huu. Yuko Umwe, anafundisha. Tunasalimiana kwenye misiba. Kwangu hajala hata ndizi.

Sijawahi kumwomba radhi. Kila nikianza, naishia kujitetea.

Alhamisi, 8 Mei

Nimemtoa Bi. Somoe kwenye kipindi cha leo. Nafasi yake wamekaa watu wawili wa Umwe.

Nimemwandikia Koplo Neema kwamba kipande cha Chumbi kina hitilafu ya sauti, labda Jumapili. Mzee Athumani alipouliza kama imekwenda, nikamwambia hivyohivyo. Uongo mmoja, watu wawili. Sauti ya Bi. Somoe ni safi kuliko zote nilizorekodi.

Sikula mchana. Sikuona njaa.

Ijumaa, 9 Mei

Asubuhi nimekuta ujumbe wa sauti. Namba ya Koplo Neema, lakini si yeye. Sauti nene, ina kicheko ndani.

"Shikamoo dada. Mimi Hamza wa Chumbi. Jana nilikaa kiti cha mbele, nikawaambia wenzangu leo mtamjua mama yangu. Hakutokea. Kakataa picha, au kaongea mkashindwa kumkata? Simu yake haipatikani, nadhani chaji. Ukipita Chumbi mwambie namsubiri Jumapili."

Nimeusikiliza mara moja. Mara ya pili nilishindwa.

Chini yake Koplo kaandika: huyu kijana kaniuliza mara tatu, hiyo sauti bado hujaitengeneza?

Nimetuma mawaidha ya Ijumaa. Sheikh kazungumzia subira dakika kumi na nne. Nimebakisha kumi.

Nimechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka umepona. Nikimwonyesha mama yake, nimemdanganya kwa uso wa marehemu. Nisipomwonyesha, namdanganya kwa kunyamaza. Na kumwambia mwenyewe siwezi, mimi si ndugu. Mimi wa kamera tu.

Jumamosi, 10 Mei

Nimetuma ngoma ya Ikwiriri mapema, nikafunga ofisi, nikatafuta gari la kusini. Nilidhani naenda Chumbi. Nikashuka Umwe.

Tatu alikuwa uani anafua. Kanitazama, kasema karibu, hakuacha kufua. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Bi. Somoe, Hamza, kiti cha mbele. Nikamuuliza afanyiwe nini yule kijana.

Alikamua shuka mpaka likakauka.

"Ule mtihani sikumbuki swali hata moja," kasema. "Nakumbuka siku ya nne tulikwenda mjini na wenzangu, nikacheka mpaka nikakaa chini. Baba yuko kaburini, mimi nacheka. Kicheko kile mpaka leo nakionea haya, na kosa si langu."

Nikasema nisamehe. Mara hii nikaishia hapo, sikuongeza neno.

Akaanika shuka. Kisha, "Nimesikia." Akajifuta mikono. "Ngoja nivae baibui. Twende wote huko Chumbi."

Darajani maji yamejaa pande zote mbili, mabonde yote meupe.

Mzee Athumani tulimkuta kwenye mkeka nje ya nyumba ya marehemu, na jamaa wachache waliobaki msibani. Tukatoa pole. Nilipolitaja jina la Hamza akakaza uso.

"Mama, wewe kazi yako picha," kasema. "Ya ukoo tuachie."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nainuka. Tatu ndiye aliyebaki amekaa.

"Baba, mimi nilifichwa hivyohivyo," kasema. "Alipokufa baba yangu."

"Ukafanyaje ulipojua?"

"Nilimchukia aliyenificha. Nikashughulika naye yeye, miaka. Baba mwenyewe sikupata nafasi ya kumlilia."

Hakunitazama. Mzee hakujua ni mimi. Nilikuwa hatua moja kutoka kwake, naangalia vidole vya miguu yangu.

Mzee akaniuliza kama hiyo picha ninayo hapo. Hakuwa ameiona. Nikafungua kompyuta, nikaiweka juu ya kinu. Bi. Somoe akaanza kusema. Wanawake wa msibani wakasogea. Alipofika kwenye jembe, Mzee Athumani akacheka, kicheko cha kushtukizwa, akaziba mdomo, akainuka akaenda nyuma ya nyumba. Aliporudi uso ulikuwa umelowa maji.

"Jembe limo ndani kwangu," kasema. "Nilikuwa nalirudisha."

Akakaa tena mkekani.

"Si bunduki ninayoiogopa. Hamza anaondoka alinikabidhi mama yake. Kaniambia, baba mdogo, mwangalie. Sasa nimwambie nini?"

Tatu akamwambia, "Hayo hayo uliyotuambia sisi."

Tukampigia Koplo Neema. Nilianza kwa kumwambia ukweli wa ile hitilafu. Hakunilaumu, nilitamani anilaumu. Kasema kijana hataambiwa kwa simu akiwa peke yake. Atakwenda kwa mkuu wake, watamwita imamu wa kikosi akae naye, kisha ndugu wataongea naye. Tukasubiri. Tukapikiwa wali na dagaa. Tatu kala. Mimi nimekula kidogo.

Simu ililia baada ya sala ya alasiri. Mzee alisimama kuipokea, kama anayemwinukia mtu mkubwa.

"Hamza, mwanangu. Umeshaambiwa? Ni kweli. Jumanne, alfajiri. Mimi ndiye niliyezuia usiambiwe. Hakuna mwingine. Nisamehe."

Aliyosema Hamza sikuyasikia. Nilimsikia Mzee akisema ndiyo, ndiyo, karibu na baba yako, ndiyo, sanda nilinunua mimi, ndiyo. Muda mrefu sana. Mvua ilianza, hakuna aliyeingia ndani.

Tatu kashuka Umwe. Kasema haya, usiku mwema. Nikasema na wewe.

Jumapili, 11 Mei

Kipindi cha mwisho.

Koplo Neema kaandika asubuhi. Hamza hakulala, imamu alikuwa naye mpaka kumekucha. Kapewa ruhusa ya kurudi nyumbani, lakini ndege ya kwanza ni Alhamisi. Kaomba jambo moja. Mama yake aonyeshwe leo, ukumbini, mbele ya wote, kama ilivyopangwa. Asikatwe.

Dakika sita. Familia nyingine za leo nimezibana, watanisamehe. Nimeangalia mara moja tu kuhakikisha sauti, nikatuma. Mtandao leo ulikwenda bila kusumbua, sijui kwa nini.

Mzee Athumani kapiga kuuliza ni saa ngapi. Nikamwambia saa moja jioni. Kasema basi saa moja atakuwa msikitini.

Sikujisikia vizuri, sikujisikia vibaya. Nilikaa tu kwenye kiti.

Jumatatu, 12 Mei

Sikufungua ofisi. Nimefua vya wiki nzima, nikaanika. Jua limetoka kidogo.

Koplo Neema katuma habari za jana. Ukumbi ulijaa, hata wa zamu nyingine walikuja wakasimama ukutani. Watu walikaa kama wako msikitini. Ilipofika kwenye habari za jembe, Hamza alicheka, ndipo wengine wakathubutu. Kilipokwisha alisimama akawashukuru kwa kumpokea mama yake. Imamu akaomba dua. Kisha kijana akaanza kupanga viti, wenzake wakamnyang'anya.

Saa nne Hamza mwenyewe kaniandikia. Hakuweka lawama. Aliuliza swali: "Dada, mama alikuwa anafanya nini na mikono? Mabega yanacheza muda wote, lakini mikono haionekani."

Niliweka kamera kwenye uso tu. Ndivyo ninavyofanya siku zote, watu wanataka uso.

Nikamwandikia: alikuwa anachambua kunde kwenye ungo.

Akauliza, za mboga au za mbegu?

Sikujua. Sikumuuliza Bi. Somoe siku ile. Nimempigia Mzee Athumani. Kaingia ndani kwa marehemu na simu sikioni, nikasikia mlango, nikasikia anasogeza vitu. Za mbegu, kasema. Zimo kwenye chupa, kazichanganya na majivu zisiliwe na wadudu. Ni za mlau, za kupanda bondeni maji yakishuka.

Yameshuka, baba?

Bado. Wiki mbili, tatu.

Nimemwandikia Hamza hivyo hivyo. Za mbegu, maji bado. Kajibu kwamba atawahi.

Kisha nikatoka kuanua nguo.