Mélissa Yuko Ndani ya Plasta, Tutakimbiaje?

Mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie kabla mwezi huu haujaisha. Mimi ni karani hapa Bujumbura, na binti yangu Mélissa, mwenye miaka miwili, alianza kutembea akichechemea, daktari akagundua kwamba mfupa wa paja ulikuwa nje ya nyonga tangu uchanga wake, akampasua na kuurudisha, na namshukuru Mungu kwa sababu picha ya jana inaonyesha umekaa vizuri, lakini mtoto amefungwa plasta kutoka kifuani mpaka vifundoni, miguu imetanuliwa na kushikiliwa na kijiti katikati, na bado wiki tano. Juzi masasi ya bunduki yalilia upande wa milimani, majirani wakakimbia, mimi nikabaki mlangoni na kitenge mkononi, sijui nimfunge mgongoni vipi, mpaka kukatulia. Mama yangu, Concilie, aliyekwisha kukimbia mara tatu tangu vita vianze, akaniuliza, "Masasi ikilia tena, we utabeba mutoto ao utabeba jiwe?" Basi tumekubaliana kwamba Jumamosi ya mwisho ya mwezi tutailowesha plasta na kuikata, na nyonga ikitoka tena, tutarudi hospitali siku amani ikipatikana. Naona haya kukiri kwamba beseni nimekwisha kulinunua. Je, nakosea?
Karani, Bwiza

Dada karani, unakosea, na nimefurahi umeandika kabla ya kumwaga maji. Hofu yako naijua. Hata viatu vyangu hukaa karibu na mlango. Lakini nyonga ikitoka sasa, Mélissa atapasuliwa upya, na vita vikiendelea atakimbia akichechemea kwa miguu yake mwenyewe. Hilo mlilifikiria?

Nilimsomea barua yako Marguerite, muuguzi anayefunga plasta za watoto. Akacheka kidogo. "Mwambie aangalie ile miguu vizuri," akasema. "Imetanuka vile mutoto anakaa ku mugongo ya mama."

Umembeba miaka miwili, hukuliona hilo?

Nenda kliniki kesho ukaonyeshwe namna ya kumfunga mgongoni na plasta yake: vitenge viwili badala ya kimoja, na mtu wa pili wa kumnyanyua. Kile kijiti kisishikwe kamwe wakati wa kumnyanyua, plasta isije ikavunjika. Nenda na mama yako, maana mtu wa pili ni yeye. Kisha fanyeni mazoezi mchana, uani, mpaka mikono izoee.

Beseni usilitupe. Siku daktari atakapoitoa plasta, mtoto atahitaji kuogeshwa vizuri.