Afande Aliyekwama Mahabusu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na wapwa zangu hamjambo, na kwamba lile goti limekuachia usingizi. Mimi mzima kabisa. Nimenenepa, mpaka mkanda wa sare unalalamika.

Uliniuliza kama watu wa mji huu wamemzoea mkuu wao mpya wa polisi. Hawakunizoea hata kidogo. Nikipita sokoni, mazungumzo yalikatika kama redio iliyoishiwa betri. Pampu ya maji ya zahanati iliibwa, wauguzi wakawa wanabeba ndoo kutoka mtaa wa pili, na bado hakuna aliyekanyaga kituoni kusema lolote.

Ndipo nikawaalika waje kukiona kituo chao. Walikuja, wengi kwa ajili ya soda. Tulipofika mahabusu nikaingia mwenyewe, kuwaonyesha kwamba humo hamna mnyama, nikaurudisha mlango kwa madaha. Kitasa kikakwama. Koplo wangu akazungusha ufunguo mpaka ukakatikia humo humo. Dada, watu walicheka hadi wengine wakaketi sakafuni.

Akaitwa fundi wa vitasa, mwanamke wa makamo wanayemwita Mama Funguo. Akachuchumaa, akachungulia tundu, akaniambia nitulie maana sina pa kwenda. Nikatulia. Mara muuza maziwa akasogea, akashika nondo, akanieleza habari za jirani yake anayempiga mkewe. Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine. Ningemwambia nani aje kesho, nami nimefungiwa? Mwishowe dereva wa lori la mchanga akaninong'oneza kwamba pampu ameiona kwenye karakana moja ya hapa mjini, imefunikwa turubai. Alikuwa akiogopa kuja kituoni asije akageuzwa mshitakiwa. Nikamwapia kwamba hatageuzwa.

Nilipotolewa tu, nikaenda na koplo, tukaikuta. Mwenye karakana akamtaja aliyemletea, na wote wawili wako mikononi mwetu. Yule mpigaji naye tulimkamata. Mkewe yuko salama kwa nduguze. Wauguzi wamepumzika na ndoo. Mimi sasa naitwa Afande Mahabusu, na benchi la kituo halikai tupu.

Sasa dada, kama umesimama, keti. Nilikwenda kwa Mama Funguo kumshukuru, akaanza kucheka peke yake. Akasema kitasa alikifungua mapema, kabla hata muuza maziwa hajamaliza kueleza. Alipoona watu wanafunguka, akaendelea kuchokonoa chuma bure. "Ungetoka, ungerudi kuwa bosi," akaniambia.

Nilijaribu kukasirika, nikashindwa. Nikarudi kwake na kufuli zima nikidai ni bovu, kisha nikarudi na jingine. Akaniambia niache kuisingizia mali ya serikali, niseme kilichonileta. Nikasema, huku jasho likinitoka zaidi kuliko siku ya gwaride. Amekubali.

Tangu marehemu mke wangu atutoke, ulikuwa ukiniomba nisizeeke peke yangu, nami nikikukatisha. Leo nakuomba wewe ndiye uje kunipelekea posa kwao, maana mbele ya kaka zake hata cheo hakinisaidii. Yeye anakusalimu, na ameniuliza mara kadhaa unapenda nini. Nimemwambia unapenda kuniona nimeshindwa, akasema basi mtaelewana.

Msalimie shemeji, wabusu wapwa zangu. Njoo upesi, dada.

Mdogo wako akupendaye,
Afande Mahabusu