Nilipiga Magoti Mbele ya Askofu

Manyatta, Embu
Jumapili, 18 Agosti 1996

Mpendwa Tata, shangazi yangu,

Ulipokosa kuja kwa sababu ya mbuzi wako wanaozaa, niliapa nitakuandikia yote bila kuficha, hata yale ya aibu. Nimepata kipaimara, Tata. Leo asubuhi, mbele ya kanisa lote.

Unakumbuka nilivyofika kwako Ishiara likizo ya Aprili? Mwalimu wetu wa kipaimara alikuwa ameniondoa kwenye darasa. Kila tulipopiga magoti kuomba, magoti yangu yaligonga benchi, moyo ulinienda mbio na mikono haikutulia. Wenzangu waliniita kifaranga kilichonyeshewa. Mwalimu alisema, "Anayetetemeka hivi bado hajamkabidhi Mungu moyo wake. Ngoja mwaka mwingine." Kwa hiyo kila Jumapili ya Meza ya Bwana mama alienda mbele, nami nikabaki nimekaa na watoto wadogo.

Akina mama wa kikundi cha maombi walinionea huruma. Walinizunguka, wakaniwekea mikono na kukemea pepo. Walipopaza sauti, moyo wangu ulizidi kukimbia, nao wakaona pepo limekataa kutoka, wakapaza zaidi. Hawakunitakia mabaya. Ndipo nikaanza kufunga, nikidhani njaa italifukuza.

Nilipoteremka kwako nikiwa na kizunguzungu, hukuniuliza habari za pepo. Uliuliza, "Umekula nini leo?"

"Nimefunga, Tata, mpaka litoke."

"Likitoka litakukuta umeshakufa. Kunywa uji."

Nilikunywa ule uji wa mawele nikilia, na ulijifanya huoni. Kesho yake ulinipeleka zahanati. Muuguzi akausikiliza moyo wangu, akasema ni mzima, ila una haraka. Wewe ukamwambia, "Basi ni wa ukoo wetu," mkacheka, nami sikuelewa.

Nakumbuka zaidi zile saa za joto, tukikaa kando ya ghala na mafungu ya mkonge kati yetu. Mimi nilikuwa nimejifunza kwamba maombi ni kufumba macho na kukaa kama jiwe. Wewe ulivuta sketi yako mpaka juu ya goti, ukaweka nyuzi za mkonge kwenye paja na kuzisokota kwa kiganja, ukiomba kwa sauti ya kawaida kana kwamba Mungu amekaa kwenye kigoda cha pili. Kiganja kikienda mbele ulivuta pumzi na kusema, "Bwana." Kikirudi uliiachilia na kusema, "Niko hapa." Nilikuuliza kama si kukosa adabu kuomba huku unasokota nyuzi za kikapu cha kiondo.

"Mungu ndiye aliyeumba hii mikono," ulisema. "Unadhani anashangaa ikicheza? Ipe kazi, halafu omba."

Uzi wangu wa kwanza ulikuwa na mafundo kama mkia wa ng'ombe. Uliuinua juu ukasema huo hata panya atakataa kuubeba. Lakini jioni ile niliomba kwa muda mrefu kuliko siku zote nilizowahi kuomba, na paja langu likawa jekundu. Uliponipaka mafuta uliniambia jambo ambalo nimekuwa nikijikumbusha tangu nirudi nyumbani: "Usiuchukie mwili huu. Ndio huo huo utakaokupeleka kanisani."

Nilirudi kwa Mwalimu, nikamwomba anipokee tena. Alikubali, ila alinionya kwamba nikishindwa mbele ya Askofu nitaliaibisha darasa zima.

Sasa sikia ya leo. Nilikula kabla ya kutoka, kama ulivyoniagiza. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye ukungu. Tulipiga magoti katika mstari, tumevaa magauni meupe na vitambaa kichwani, na Askofu akaanza kutuuliza maswali. Alipofika kwangu akaniuliza kwa nini Mkristo huomba. Nilikuwa nalijua jibu, lakini likapotea. Magoti yakaanza. Nikasikia msichana wa nyuma yangu akinong'ona, "Kifaranga."

Tata, sikupigana na ule mtetemeko. Niliweka kiganja kwenye paja, juu ya gauni, nikakisukuma mbele. Bwana. Nikakirudisha. Niko hapa. Askofu alinisubiri. Nikakisukuma tena. Kisha nikamjibu kwamba tunaomba ili tukae na Mungu jinsi tulivyo, si jinsi tunavyotaka kuonekana. Hayo hayakuwa maneno ya darasani, lakini sauti yangu ilifika mpaka mlangoni. Askofu akatabasamu na kuweka mikono yake juu ya kichwa changu. Mabega yangu yalikuwa bado yakitetemeka, na hakuiondoa mikono. Akina mama wakapiga vigelegele, na wale wa kikundi cha maombi ndio walioanza.

Nje Mwalimu aliniita. "Ulitetemeka."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini nilijibu."

"Ulijibu kuliko wale waliokaa kama nguzo," akasema, akanipa mkono.

Nilishiriki Meza nikiwa karibu na mama, bega kwa bega. Sijui kama nitaacha kutetemeka. Leo sikuona kama kuacha ni deni langu kwa mtu yeyote. Nilitembea mpaka nyumbani nikiimba, nikiwa mrefu kuliko nilivyotoka.

Tulipokuwa tukinywa chai, mama alisema, "Sasa amekuwa Wanja mwenyewe kabisa." Baba akainamia kikombe chake. Nilipomuuliza mama ana maana gani, akasema, "Huyo Tata uliyepewa jina lake yuko hai. Muulize."

Kaa salama, Tata, na Mungu awatunze watoto wa mbuzi wako na mikono yako. Usikawie kunijibu, hata kwa mistari miwili: je, ulipokuwa na umri wangu, na wewe ulikuwa unatetemeka hivi, na ni nani alikaa nawe?

Ni mimi, wajina wako, binti wa kaka yako,
Wanja